Painti ya Tatu

Siku ile tulikuwa watano mezani: mdogo wangu wa kike aliye mwalimu, ambaye nyumba ilikuwa yake, mume wake, mama ya mume wake, aliyetoka shambani asubuhi hiyo, ndugu yetu mdogo, kitinda mimba, na mimi, kifungua mimba. Ukimhesabu na mtoto aliyekuwa tumboni, tulikuwa sita. Nawataja wote kwa sababu baadaye nilijaribu kukumbuka kama kuna yeyote aliyenizuia. Mmoja alijaribu, mmoja alitaka akanyamaza, na wengine walikuwa wanakula.

Ilikuwa Jumapili, mtaa wa Kapsoya, Eldoret, baada ya kanisa. Mdogo wangu alikuwa ametuita atuambie rasmi kwamba ana mimba. Mimi nilikuwa najua zamani. Alinipigia simu kabla hajamwambia hata mume wake, na ni mimi niliyemwambia anyamaze kwanza. Mimba haitangazwi kabla haijaonekana, nilimwambia. Ukikimbilia kliniki mapema hivyo unakaa kwenye foleni na nusu ya majirani zako, na macho ya watu si mazuri. Ndivyo mama yetu alivyokuwa akisema. Akanitii, kama kawaida yake. Alipotuita mezani mimba ilikuwa imeingia mwezi wa tano, na kliniki alikuwa ameenda mara moja tu, wiki hiyo hiyo.

Mama mkwe wake hakuja mikono mitupu. Alikuwa na mboga za managu fungu kubwa, zikiwa bado na umande, maharagwe mapya, mayai yaliyofungwa kwa magazeti, na kibuyu cha mursik, yale maziwa ya mgando. Alivipanga kimoja kimoja kwenye meza ya jikoni, akieleza kila kimoja ni cha nini. Managu ya damu. Mayai ya kujenga mtoto. "Na chai usinywe pamoja na chakula," akamwambia mdogo wangu. "Ngoja kwanza. Chai inakula nguvu ya mboga. Mimi pia sikujua, tuliambiwa juzi na wale watu wa afya wanaotembea vijijini."

Nilikaa kwenye kiti changu nikitazama vile vitu vikipangwa, na nitasema ukweli: nilisikia wivu. Huyu mtoto nilimlea mimi. Nilimfulia, nikamsuka, nikamfunza kusoma kwa gazeti la kufungia nyama. Sasa alikuwa na mama mwingine mwenye shamba, ng'ombe na maneno mengi. Nikaona upande wetu hauwezi kukaa kimya. Nikafungua mkoba nikatoa pakiti yangu nikaiweka katikati ya meza, juu ya kila kitu.

Ilikuwa odowa. Asiyejua, odowa ni mawe laini ya kijivu, yale yanayouzwa sokoni kwa beseni, ambayo wanawake wetu hula wakiwa na mimba. Yanavunjika mdomoni kama chaki na yana harufu ya udongo ulionyeshewa mvua. Kuyauza ndiyo kazi niliyofanya miaka kumi na tisa.

"Hii ndiyo dawa ya kichefuchefu," nikasema. "Nimekuchagulia ile laini kabisa. Nimeichoma mwenyewe kwa jiko, haina mdudu."

Ndugu yetu mdogo akacheka mpaka akaweka kijiko chini. "Wacha weh. Mwalimu ameletewa mawe. Shemeji, usishangae mtoto akizaliwa na kokoto mkononi."

"Wewe ulizaliwa na nini mkononi?" nikamuuliza.

"Mimi nilizaliwa na njaa. Mpaka leo sijapona. Hebu nisongezee hiyo ugali."

Tukacheka wote isipokuwa mama mkwe. Alichukua kipande kimoja, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha kama anayekagua mbegu ya mahindi. "Mama," akaniambia kwa heshima, ingawa ningeweza kuwa binti yake, "huko kliniki wanajua anakula hii?"

"Mama, hii ni ya kwetu," nikamjibu. "Mama yetu aliila na mimba zake zote. Sisi watatu hawa unatuona. Kuna mmoja ana kasoro?"

Alirudisha kipande mezani polepole akapangusa vidole. Nilijua nimemfunga mdomo. Ukisema jambo ni la kwenu, mgeni hana la kuongeza, na yeye ni mtu wa adabu. Mdogo wangu aliinua uso akanitazama. Alifungua mdomo kama mtu anayetaka kusema neno, halafu akanyoosha mkono, akachukua kipande kile kile, akakitia mdomoni.

Wakati ule niliona kama nimeshinda.

*

Beseni nililirithi kwa mama. Baba alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha nguo. Yeye na mama walitoka upande wa ziwani wakiwa vijana wakaja Eldoret kutafuta kazi, na mama akaanza kuuza odowa ili kusaidia chakula. Baba alitangulia kufa. Miezi mitano baadaye mama akafa akijifungua, na mtoto akaenda naye. Mimi nilikuwa kidato cha kwanza, muhula wa pili. Mdogo wangu alikuwa na miaka tisa, kitinda mimba minne. Tuliambiwa kwamba damu ya mama ilikuwa imeisha. Nilielewa hivyo tu, imeisha, kama mafuta yanavyoisha kwenye taa. Sikuuliza iliishaje, wala kama ilikuwa nyingi tangu mwanzo.

Baada ya mazishi watu wa ukoo walikaa kutugawanya. Mmoja aende kwa shangazi, mmoja kwa mjomba, na mimi, kwa kuwa nilikuwa mkubwa, nitafutiwe kazi ya nyumba. Niliwasikiliza mpaka wakamaliza, nikasema hatugawanyiki. Jumatatu iliyofuata sare yangu ilibaki msumarini na mimi nikaenda sokoni na beseni la mama.

Kuna jambo moja kuhusu biashara hii ambalo lazima nilieleze. Muuza odowa huonja. Mteja akija hasemi "nipe." Anauliza, "Kastoma," kama tunavyoitana sokoni, "ni laini leo?" Na wewe huwezi kumjibu kwa maneno, maana kila muuzaji atasema ni laini. Unachukua kipande, unakivunja kwa meno mbele yake, unatafuna, unameza. Akisikia hakuna mchanga unaokwaruza, anachukua ile nusu iliyobaki mkononi mwako anaila yeye, halafu ndiyo ananunua. Mama alifanya hivyo. Mimi nikafanya hivyo tangu nikiwa na miaka kumi na tano, asubuhi mpaka jioni, siku sita kwa wiki. Na siku ambazo chakula hakikutosha watu watatu, nilionja hata bila mteja.

Mikono yangu ilikuwa baridi siku zote. Nikipanda kutoka sokoni na gunia nilisimama mara tatu kuvuta pumzi. Nilisema ni hali ya hewa ya Eldoret, nani asiye na mikono baridi huku mwezi wa saba. Baadaye nikasema ni umri. Nilikuwa na miaka thelathini.

Wadogo zangu nao walikua karibu na beseni. Mdogo wangu wa kike alikuwa akitoka shule anakuja kukaa miguuni pangu kufanya kazi ya ziada, na mkono mmoja ukiandika, ule mwingine ulikuwa ndani ya beseni. Sikumkataza. Ilimtuliza na haikunigharimu chochote. Alipokwenda bweni niliweka odowa kwenye sanduku lake kati ya sabuni na sukari. Alipoingia chuo cha ualimu nilimfungia ya muhula mzima. Kwa hiyo nisidanganye kwamba yote yalianza ile Jumapili. Alianza kuila kabla hajajua mimba ni nini, na mwanamke akiingia kwenye mimba na damu ya kubahatisha, hiyo ndiyo atakayogawana na mtoto. Hilo nimefundishwa sasa, na lingekuwa na maana kubwa zaidi kama ningefundishwa mapema.

*

Kila Jumamosi nilipanda boda boda nikaenda Kapsoya na pakiti. Nilijiambia naenda kumwona mdogo wangu, lakini nafikiri nilikuwa naenda pia kuangalia kama managu ya mama mkwe yamezidi mawe yangu.

Kliniki walikuwa wamempa vidonge vya kuongeza damu, vya kumeza kila siku. Mwezi wa sita wa mimba akanipigia simu.

"Dada, hivi vidonge vinanisumbua. Tumbo limefunga siku nne. Na choo kikitoka ni cheusi."

"Ulimwambia daktari?"

"Bado. Kliniki ni mwezi ujao."

"Basi pumzika navyo kwanza," nikamwambia. "Mwili umekataa. Odowa ina madini yake, itakushikilia."

Nilisema hivyo nikiwa nimekaa nyuma ya beseni, nikitafuna. Sikujua kwamba choo cheusi ni kawaida ya vidonge vile. Sikujua kwamba mawe yenyewe yanafunga tumbo, na kwamba yanashika nguvu ya chakula na kutoka nayo, hata managu yale mazuri ya mama mkwe yakawa yanapita kama maji kwenye bati. Nilijua mambo mawili: mdogo wangu anateseka, na mimi ndiye wa kumwambia la kufanya. Tangu ana miaka tisa hajawahi kuniuliza swali nikakosa jibu. Kama siku ile ningesema, "Sijui, rudi kliniki kesho ukaulize," yote haya yangekuwa mengine. Neno "sijui" halikuwa kwenye kinywa changu. Niliogopa kwamba nikilitumia mara moja, nyumba yote itabomoka.

Akaviacha. Kisha akaanza kuchoka. Alifundisha akiwa ameketi. Midomo yake ikawa rangi ya majivu na nikasema ni baridi. Akaniambia moyo unamwenda mbio hata akiwa amelala, nikamwambia mtoto ni mkubwa, anasukuma. Na jinsi alivyozidi kuchoka, ndivyo alivyozidi kuitaka odowa. Pakiti moja ya wiki ikawa haifiki Jumatano. Mume wake alinipigia akasema, "Shemeji, mwenzangu anatafuna mawe mpaka usingizini. Ni sawa kweli?"

"Mwili unajua unachokitaka," nikamjibu.

Hilo nalo lilikuwa na ukweli wake, kwa namna ambayo sikuielewa. Mwili wenye damu kidogo huitamani odowa zaidi, na ukiila, damu inazidi kupungua. Mimi niliona ile tamaa nikaiita ushahidi. Nikawa nampelekea pakiti mbili.

*

Uchungu ulimpata asubuhi ya Alhamisi, wiki kadhaa kabla ya wakati. Mume wake alinipigia nikiwa napanga mawe. Niliwaachia beseni wenzangu wa soko nikakimbia na aproni yangu mpaka hospitali. Nilipofika mtoto alikuwa ameshazaliwa. Msichana, mdogo mno, wamempeleka kwenye chumba chenye joto. Mama yake alikuwa amepoteza fahamu.

Daktari aliyetoka kuongea nasi alikuwa mwanamke kijana, labda umri wa mdogo wangu. Aliongea bila haraka. "Damu aliyopoteza si nyingi sana," akasema. "Mama mwingine angeipoteza akaomba uji. Shida ni kwamba yeye hakuwa na ya kupoteza."

Nilikaa chini sakafuni. Maneno yale niliwahi kuyasikia kwa sauti nyingine, miaka kumi na tisa nyuma: imeisha.

Walimwongezea painti tatu. Jioni ile mapigo ya moyo wake yalitulia akafungua macho. Kesho yake muuguzi akatuita kando akatueleza kwamba zile painti zilitoka kwenye akiba, na akiba hiyo ni watu wengine walioitoa, wasiomjua. Familia ikiweza, irudishe, ili mama atakayeletwa wiki ijayo naye aikute. Hakutulazimisha. Alisema tu: tatu.

"Hesabu ni rahisi," akasema kitinda mimba. "Shemeji moja, mimi moja, dada moja. Twende."

"Na mimi?" akauliza mama mkwe, ambaye alikuwa amelala kwenye benchi la hospitali usiku kucha. Muuguzi akamuuliza umri wake, akamwambia kwa upole kwamba amezidi. "Nimezidi?" akasema. "Ng'ombe wanne nakamua kila asubuhi. Wao hawajaniambia nimezidi." Lakini alikaa chini, akabaki kutushikia makoti.

Kabla hawajakutoa damu wanaipima kwanza. Wanakuchoma kidole, wanachukua tone moja, wanaliangusha kwenye chupa ya maji ya buluu. Damu nzuri ni nzito, inazama. Tone la mume wa mdogo wangu lilizama. La ndugu yangu lilizama mara moja mpaka chini, naye akageuka kunitazama kama mtoto aliyepata mia kwa mia. Nikatoa kidole changu.

Tone langu lilielea. Lilikaa juu ya ule buluu kama mafuta juu ya mchuzi.

Yule mtu wa maabara akarudia kwa kidole kingine. Likaelea tena. Akanishika mkono, akatazama kucha zangu, akavuta kope langu la chini kwa kidole gumba. Kisha macho yake yakashuka kwenye aproni yangu, ambayo sikuwa nimeivua tangu jana, kwenye mfuko uliojaa vumbi la kijivu.

"Unauza ama unakula?" akaniuliza.

"Nauza."

"Na kula?"

"Naonja."

"Kwa siku unaonja mara ngapi, mama?"

Nilikuwa nimehesabu kila kitu maishani mwangu, shilingi, vitabu, vijiko vya sukari, lakini hicho sikuwahi kukihesabu.

"Wewe hutatoa damu leo," akasema. "Wewe unahitaji kutibiwa." Akaniandikia karatasi. Ndugu yangu na shemeji walikuwa wamesimama hapo wakisikia. Kitinda mimba, ambaye huwa na mzaha kwa kila jambo, alichukua koti langu kwa mama mkwe akanivisha mabegani.

*

Mdogo wangu alipata nguvu ya kuongea Jumamosi. Nilikuwa nimekaa kando ya kitanda chake nikimmenyea chungwa. Siku ya Jumamosi, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi sikuwa na pakiti.

"Wameniambia ni odowa," nikasema. "Odowa na vidonge ulivyoacha."

"Nilijua, dada."

"Ulijua nini?"

"Mimi nafundisha sayansi. Kuna somo la upungufu wa damu. Nimeandika ubaoni kwa mkono wangu, wasile udongo. Halafu natoka darasani naenda kwenye mkoba." Alivuta pumzi. "Kliniki waliniuliza kama nakula mawe. Nikasema hapana."

"Mbona ukadanganya?"

"Ningesema yanatoka wapi?"

Chungwa lilikuwa linanidondokea kwenye nguo. Nikamuuliza kwa nini basi hakuniambia mimi, hata kama hao wengine hakutaka kuwaambia.

"Nikiona ile pakiti naona karo yangu," akasema. "Blanketi. Viatu vya shule. Ningekataaje?" Akageuza kichwa akatazama dirishani. "Ile Jumapili kidogo niseme. Ulimwambia mama mkwe kwamba mama alikula na mimba zake zote, na sisi watatu tuko sawa."

"Ndiyo."

"Tulikuwa wanne, dada."

Hakusema kwa hasira. Kama angesema kwa hasira ningejua la kufanya, maana nimelea watoto wawili na hasira zao nazifahamu. Alisema kama mwalimu anayesahihisha hesabu. Niliendelea kumenya chungwa mpaka ganda likaisha, nikaendelea kutoa ule utando mweupe, uzi mmoja mmoja.

Sijui kama ni odowa iliyompeleka mama. Hakuna aliyempima, na sitaki kumwekea kaburini jambo ambalo sina hakika nalo. Lakini miaka kumi na tisa niliuza kitu kile kile kwa kumtaja yeye, nikimtumia kama ushahidi kwamba hakina madhara, na sikuwahi hata siku moja kukumbuka alikufaje nilipokuwa nikimtaja.

*

Watu huniuliza kama niliacha biashara siku hiyo hiyo. Ningependa kusema ndiyo. Nilirudi sokoni Jumatatu, gunia lilikuwa nusu, nikauza wiki mbili zaidi. Sikuwa nimejua kazi nyingine. Kilichonibadilisha ni kastoma mmoja, msichana wa mimba ya kwanza, aliyekuja akaniuliza, "Ni laini leo?" Mkono wangu ulienda wenyewe kwenye beseni, kipande kikafika kwenye meno. Hapo nikamwangalia midomo. Ilikuwa rangi ya majivu.

"Hebu niangalie macho," nikamwambia. Nikamvuta kope kama nilivyovutwa mimi. Ndani palikuwa peupe.

"Kastoma, umekuwa daktari?" akacheka.

"Umeenda kliniki?"

"Tumbo halijaonekana bado. Nitaenda wapi kujitangaza?"

Nilimwambia aende siku hiyo, asingoje kuonekana. Nikamwambia kuhusu vidonge, kwamba vikimsumbua asiviache, arudi aseme, watambadilishia au watamweleza avimeze vipi. Nikamwambia kuhusu tone langu. Alinisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza, kisha akauliza tena, "Sasa utaniuzia ama hutaniuzia?" Nilipokataa alisogea meza ya pili akanunua huko. Nilimwona akiondoka akitafuna. Sikumlaumu. Mimi mwenyewe nilimfunga mdomo mama mwenye ng'ombe wanne na akili zaidi ya zangu.

Jioni ile nilimwaga gunia kwenye shimo la barabara, nyuma ya nyumba yetu mtaa wa West Indies, pale ambapo maji hutuama. Mvua ilinyesha likawa tope la kijivu, magari yakalikanyaga. Sasa nauza mboga za managu na sagaa, na maharagwe, mengine yanatoka kwa shamba la mama mkwe. Huniletea mwenyewe. Hajawahi kunikumbusha lile swali lake la Jumapili, na kila akishusha mzigo nalisikia.

Mdogo wangu amerudi kazini. Tunaongea, tunacheka, ananiita dada kama zamani. Ila nikimwambia la kufanya, sasa ananiuliza, "Umejuaje?" Ni swali zuri, na nilipaswa kumfundisha mimi kuniuliza akiwa na miaka tisa. Hata hivyo kila akiliuliza kuna kitu kinachoniuma, kwa sababu hakuwa akiuliza, na najua ni lini alianza.

Mtoto alikaa kwenye chumba cha joto wiki tano. Bado ni mdogo kuliko wa umri wake, na alichelewa kukaa, lakini anatambaa, na kila anachokiokota sakafuni anakitia mdomoni kama watoto wote. Wengine husema mwache, ni kinga. Mimi huwa wa kwanza kumfikia. Namtoa kokoto kwenye ulimi kwa kidole, naye ananing'ata kwa meno yake mawili.

Vidonge vya damu navimeza kila siku, na chai nangoja baada ya chakula. Miezi mitatu ya kwanza tamaa ya odowa ilinitesa kuliko njaa yoyote niliyowahi kuiona. Nilikuwa napita mbali na ile sehemu ya soko nikiziba pua, maana mvua ikinyesha harufu yake inajaa kote.

Ndugu ya shemeji yangu alijitolea kutoa ile painti ya tatu ili jambo liishe. Shemeji akaniambia kwa nia njema, "Wacha atoe, hakuna mtu hospitali anayekudai." Nikakataa. Hiyo ni yangu.

Nimerudi mara tatu kwa yule mtu wa maabara. Mara ya kwanza tone lilielea hata kabla hajaondoa mkono. Mara ya pili lilielea. Mara ya tatu, mwezi uliopita, lilishuka. Lilishuka mpaka katikati ya chupa, na mimi na yeye tukainama pamoja kulitazama, hakuna aliyepumua. Likakaa hapo kidogo. Kisha likaanza kupanda, taratibu, mpaka juu.

"Umekaribia, mama," akasema, akanipa pamba ya kubana kidole. "Endelea na vidonge."

Painti mbili zimerudi. Ya tatu bado.